Jina la Mfalme wa Shupaza

Tulipofika kona ya kuingilia kwao Lizaboni, Osmund alinishika mkono, akashtuka. Alikigeuza kiganja changu juu, akakitazama, kisha akakifunika kwa viganja vyake viwili.

"Zena, mbona wa baridi hivi? Na jua lote hili?"

"Naogopa."

"Unamwogopa baba?"

Nikamwambia namwogopa baba yake, namwogopa baba yangu, namwogopa mjomba wangu, na kama Songea nzima kuna mwingine anayestahili kuogopwa aje tu, nafasi bado ipo. Alicheka. Mimi sikuwa natania. Kila mwanamke aliyepita na kitabu chake cha nyimbo akirudi misa nilimwona kama anajua ninakokwenda.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mjomba Kassimu alikuwa njiani kutoka Tunduru, na kwetu Wayao mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake. Alikuwa anakuja kunichukua. Huko kulikuwa na Daimu, kijana mwenye mikorosho mingi, aliyeniomba kwa heshima zote. Sina ubaya na Daimu. Nilimwona mara moja tu, msibani, akila, na anakula vizuri. Lakini moyo wangu ulikuwa umeshakaa kwa Osmund na ulikuwa hauondoki, hata nilipojaribu kuukemea.

Baba yangu, Mzee Twaha, aliyeuza mitumba pale Mfaranyaki, alikuwa amenisikiliza akiwa anafungua belo la makoti. Hakuinua uso. Alisema kama wazee wa kijana wangetuma washenga kabla mjomba hajafika, yeye angekuwa na kitu cha kusimamia mbele ya shemeji yake. Wasipotuma, hana la kusema. Kisha akanipa koti nilikung'ute vumbi, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa aliyekuwa hataki kutuma washenga alikuwa Mzee Otto, baba yake Osmund, Mngoni wa kuzaliwa na Mkatoliki wa kubatizwa, fundi seremala aliyestaafu. Hakufoka, hakututukana. Alikuwa na neno moja tu, kwamba nyumba mbili hazichanganywi. Osmund alimwambia tungefunga ndoa bomani, kila mtu abaki na dini yake. Mzee akarudia neno lile lile. Ndipo siku moja Osmund, kwa hasira, akamwambia kwamba yeye mwenyewe huchanganya nyumba kila Jumapili baada ya misa, mezani kwake, kwenye karata. Mzee akasema:

"Basi mlete. Akinionyesha anajua kuchanganya, natuma washenga kesho. Akishindwa, usinitajie tena habari zake."

Hivyo ndivyo maisha yangu yalivyoingia kwenye karata, mimi ambaye nyumbani kwetu karata zilikuwa za walevi na wacheza kamari. Nilijituliza kwamba hapa hapachezewi hata senti, na kisichokuwa na kamari huenda Mungu atakitazama kwa jicho jingine. Nilijituliza hivyo mchana. Usiku hofu ilikuwa inarudi na kunidai majibu mengine.

Mchezo wenyewe unaitwa mseto. Mzee Otto na vijana wenzake waliutunga zamani kwenye karakana ya useremala huko Peramiho, na nje ya watu wao sijakutana na anayeujua. Karata hutengwa nyumba nne: shupaza, pau, kopa na uru. Kila nyumba ina kazi yake. Shupaza huua, pau hulinda, kopa hufufua karata iliyokufa, uru huiba mkononi kwa mwenzio. Unachagua nyumba mbili, mwenzako anabaki na mbili, halafu kila mtu anazichanga zake ziwe fungu moja. Ustadi wote uko hapo, kujua nyumba gani ikae na ipi, maana ukikosea zitakuvuruga wewe mwenyewe. Viwanja ni vitatu. Anayekula viwili ndiye mshindi.

Osmund alinifundisha dukani kwake, alikouza vipuri vya baiskeli, nyuma ya matairi yaliyoning'inia. Maduka yalikuwa yameanza kujaa vitu siku zile, na hata karata ziliuzwa mpya, zimevikwa nailoni, kando ya betri na sabuni za kunukia. Kila kivuli kikipita mlangoni mimi nilizifutika karata ndani ya khanga. Siku moja aliingia mteja kutaka mnyororo, akamkuta Osmund peke yake anaongea na matairi, kwa sababu mimi nilikuwa nimechutama chini ya kaunta na nyumba nzima ya uru kifuani.

"Pau na shupaza zote nyeusi," nililalamika. "Nazichanganya."

"Pau ina majani matatu. Shupaza ina jani moja, limechongoka. Tazama."

Nilitazama. Lakini kidole chake kilikuwa juu ya karata, na ukucha wake ulikuwa na grisi ambayo haikutoka hata kwa sabuni ya unga, na mimi niliutazama ukucha ule nikasahau majani. Alipoinua macho akanikuta. Nje muuza dagaa alikuwa anaita wateja, na ndani ya duka lile dogo nilipata raha na woga kwa wakati mmoja, hata nikashindwa kujua machozi yaliyonilenga yalikuwa ya kipi.

"Zena," alisema, "we chukua pau na kopa. Moja inakulinda, nyingine inafufua. Baba atachukua shupaza, huichukua siku zote, hakuna anayemgusia. Jilinde tu mpaka achoke."

Nikayakariri hayo usiku na mchana. Pau na kopa, pau na kopa. Nilikuwa nayasema hata nikipanga magauni ya mitumba.

Basi Jumapili ile tukaingia uani kwao. Mahindi yalikuwa yameanikwa juu ya mkeka, na milima ya Matogoro ilionekana karibu baada ya mvua ya asubuhi. Mezani chini ya baraza walikaa wazee wawili. Mmoja alikuwa Mzee Fransisko, mwenzake Mzee Otto wa tangu karakana, aliyekuja kuwa mwamuzi. Alinitazama, akanisalimu kwa sauti ya kanisani:

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Waalaikumu salaamu," nikajibu.

Lilinitoka lenyewe. Osmund alikohoa. Mzee Fransisko alikaa mdomo wazi, na mimi nikatamani mahindi yale yanifunike. Nikapiga magoti haraka nikawaamkia shikamoo wote wawili. Mzee Fransisko aliitikia marahaba. Mzee Otto aliitikia baadaye kidogo, akinikazia macho. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye viganja vipana, na kidole kimoja kilikatikia kwenye msumeno zamani. Macho yake hayakuwa ya ukali. Afadhali yangekuwa ya ukali, ningejua pa kujificha.

Mama yake Osmund, Mama Lidwina, alitoka jikoni na kikombe cha togwa. Aliona nasita kukipokea, akaniinamia sikioni. Aliniambia haijalala ikawa kileo, ameikoroga asubuhi hiyo hiyo, ninywe bila wasiwasi. Nilikunywa, na meno yangu yakagonga kikombe. Aliniwekea mkono begani, akausahau hapo kidogo, kisha akarudi kusimama mlangoni pa jikoni. Sikujua kama ananionea huruma au ananiaga.

Mzee Otto alizimwaga karata mezani, akazitenga nyumba nne zikiwa uso juu.

"Mgeni atangulie kuchagua," alisema.

Hilo Osmund hakuniambia. Nadhani hakulijua, kwa vile hawakuwahi kucheza na mgeni. Macho yote yakanigeukia. Nyumba mbili nyeusi zilikuwa mbele yangu zimekaa bega kwa bega, na kwa hofu niliyokuwa nayo sikuona majani matatu wala moja. Nilinyosha mkono kwenye nyeusi moja nikaivuta.

"Hii. Na kopa."

Nikatazama nilichokivuta. Kilikuwa na jani moja, limechongoka.

Nilimtafuta Osmund kwa macho. Alikuwa ameegemea nguzo ya baraza, uso umemshuka. Shupaza haikuwahi kutoka mikononi mwa baba yake tangu mchezo ule uzaliwe, na mimi nilikuwa nimeichukua mbele ya macho yake, nyumbani kwake, kabla hata ya kumaliza togwa.

"Shupaza na kopa," alisema Mzee Otto taratibu. "Moja inaua, nyingine inafufua. Hizo hazikai nyumba moja, binti."

Ningeweza kusema nimekosea. Nilifungua mdomo niseme. Lakini aliposema hazikai nyumba moja, alinitazama mimi, akamtazama na mwanawe kule nguzoni, nikaelewa kwamba hatukuwa tunaongelea karata. Woga wangu ulipata kiburi kidogo, sijui kilitokea wapi.

"Nitajaribu kuzikalisha," nikasema.

Alivuta uru na pau zilizobaki, akaanza kuchanga. Na mimi nikachanga zangu, karata zikinidondoka, nikiziokota.

Kabla hatujaanza, Mzee Fransisko alinikumbusha sharti. Mfalme yeyote akitupwa lazima atajwe kwa jina lake, na asipotajwa papo hapo amekufa. Nilijua. Osmund alinifundisha kwamba mfalme wa kopa ni Padri, wa pau ni Mwashi, wa uru ni Tajiri. Wa shupaza alimruka tu, akasema ni wa baba, hatanihusu. Sasa ananihusu. Nikauliza, kwa sauti ndogo, huyu wa shupaza anaitwaje.

Mzee Fransisko alicheka mpaka mabega yakatikisika. Alinieleza kwamba mfalme yule walimpa jina kule karakana wakiwa vijana, kwa sababu ya zile ndevu na kwa sababu ya kutokubali kushindwa.

"Huyo anaitwa Otto," alisema. "Ukisema mzee, amekufa. Ukisema mfalme, amekufa. Ni Otto tu."

Pale ndipo hofu yangu yote ya mwanzo ilionekana mchezo wa watoto. Mke hataji jina la baba mkwe wake. Kwetu Tunduru ndivyo, na kwao Wangoni ndivyo, na huenda ndilo jambo pekee ambalo nyumba zetu mbili zilikubaliana bila kukutana. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na baba mkwe aliyeitwa Hamisi, na mpaka anakufa, siku ya Alhamisi aliiita mkesha wa Ijumaa. Mwanamke anayemtaja mkwewe mbele ya watu amesema kwa kinywa chake kwamba huyu si mkwe wangu. Na mimi nilikuwa nimekuja pale kutafuta mkwe.

Tulianza. Niliomba dua moja tu, kwamba mfalme yule abaki chini ya fungu langu asinijie.

Kiwanja cha kwanza nilikula mimi, na ilikuwa bahati tupu. Niliua na shupaza ndogo, ikauawa, nikaifufua na kopa, ikaua tena. Mzee Otto aliinua nyusi. Alisema, kwa kujisemea, kwamba hakuwahi kuona shupaza inarudi kutoka kaburini. Osmund alitabasamu kule nguzoni, na tabasamu lile lilinipa pumzi.

Cha pili alikula yeye, bila haraka, akiniibia karata kwa uru moja baada ya nyingine, akijikinga kwa pau. Kila alipoingiza mkono kuchomoa karata kwangu nilihisi ananichomoa mimi. Alikuwa ananisemesha wakati wote, uso kwa uso, kama anavyosemeshwa mgeni yeyote. Aliuliza baba yangu ametoka kijiji gani. Aliuliza kama ni kweli kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa wakwe. Nilimjibu kwamba ni kweli, ila Osmund ana duka Songea na matairi hayahamishiki. Mzee Fransisko alicheka. Mzee Otto hakucheka, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba naye alikuwa na kitu anachokiogopa. Alikuwa na mwana mmoja tu.

Kiwanja cha tatu, nikavuta karata, na mfalme wa shupaza akaja.

Alinitazama kutoka mkononi mwangu na ndevu zake na upanga wake. Nilimficha nyuma ya karata ndogo. Nilitupa hizi, nikatupa zile, nikazimaliza nilizoweza kuzimaliza. Ndipo Mzee Otto akaweka mezani mfalme wa uru, akakigonga kidole chake kilichokatika juu yake.

"Tajiri," alitamka.

Pau zake zilikuwa zimekwisha, hakuwa na cha kumlinda. Karata moja tu ingemwua Tajiri, mfalme wa shupaza, na nilikuwa nayo mimi. Nikiitupa na kuitaja, nimeshinda, washenga wanakwenda Mfaranyaki. Nisipoitaja, imekufa na mimi nimekufa nayo, na mjomba akifika atanikuta sina wa kunisimamia.

Nilimtazama Osmund. Midomo yake ilikuwa inanisihi bila sauti: taja, taja tu, ni karata. Maskini, alikuwa anaogopa kunikosa kuliko alivyoogopa mila. Nikageuka mlangoni pa jikoni. Mama Lidwina alikuwa amejiziba mdomo kwa pindo la khanga, na kichwa chake kilikuwa kinakataa polepole. Yeye alikuwa ameishi nyumba ile maisha yake yote ya ndoa. Alijua kwamba ningeweza kushinda mchezo na kutoka pale nikiwa mgeni aliyeshinda mchezo.

Sikuwa na ujanja wowote, nataka hilo lieleweke. Watu wamenisifu baadaye kana kwamba nilikuwa nimepanga. Nilikuwa nimeogopa mpaka nimefika mwisho wa woga, na pale mwisho sikukuta kitu isipokuwa jambo nililokuwa nalitaka. Nikamtoa mfalme wa shupaza, nikamlaza juu ya Tajiri. Karata ikakaa upande.

"Mtaje," alisema Mzee Fransisko.

Nikainamisha uso.

"Mkwe."

Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini kila mtu aliisikia. Osmund aliteremsha mikono. Kuku waliokuwa wanadonoa mahindi walifukuzwa na nani, sijui. Niliwasikia tu wanakimbia.

Mzee Otto akashika kiti chake kwa mikono yote miwili, akakiinua, akakigeuza. Akakaa akiwa amenipa mgongo, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa jikoni.

Kwetu anayekupa mgongo hana la kuongea na wewe. Nilianza kuvuta khanga yangu niinuke, nikitafuta njia ya kutokea isiyopita mbele ya macho ya Osmund. Mzee Fransisko alipumua kwa masikitiko, akanyosha mkono amwondoe mfalme wangu, ampeleke kwenye fungu la wafu.

"Hakutaja jina," alisema. "Imekufa."

"Iache hiyo karata, Fransisko."

Mzee Otto alilisema hilo bila kugeuka.

"Lakini jina lake ni Otto, na wewe ndiye uliyeweka sharti."

"Wewe ni mkwe wangu?"

"Hapana."

"Basi wewe niite Otto."

Mzee Fransisko aliurudisha mkono polepole. Mama Lidwina alitoka mlangoni akaja mbio, akanikalisha chini kwenye mkeka, upande ambao mumewe asingeweza kuniona hata akigeuza shingo. Alininong'oneza kwamba kwa wazee wa kwao baba mkwe hakai uso kwa uso na mke wa mwanawe, na wala hamsemeshi moja kwa moja. Akitaka neno, atampitishia mtu. Aliyasema hayo huku anacheka na kulia, na vidole vyake vilinibana bega mpaka vikaumiza. Osmund alikuwa ameketi chini palepale nguzoni, kichwa mikononi.

Mchana kutwa Mzee Otto alikuwa akinisemesha mwenyewe. Sasa aliuita upande wa jikoni, akikohoa kwanza kusafisha koo.

"Mama Osmund."

"Abee."

"Muulize mwenzio hapo. Kesho washenga wakifika Mfaranyaki, wamuulizie nani?"

Nikainama, nikamjibu Mama Lidwina, kwa sauti ya kutosha kusikika upande wa pili wa kiti, kwamba wamuulizie Mzee Twaha wa mitumba.